Kuzima Swichi Hakufungui Mlango wa Oveni

"Fundi, oveni imemaliza kujisafisha lakini mlango haufunguki. Nimezima swichi kuu, mbona bado?" Bado kwa sababu umezima. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na kila anayeuliza ameshauriwa hivyo na mtu.

Watu wanaamini kwamba umeme ndio unaoushika mlango, hivyo ukiukata komeo litaachia. Kwa oveni nyingi zinazojisafisha kwa joto kali, si kweli. Komeo lake huendeshwa na mota ndogo inayosukuma ndoano ya chuma. Ndoano ikishanasa, mota hupumzika; hakuna umeme unaoizuia hapo. Kuirudisha ndiko kunakohitaji umeme. Kuzima swichi ni sawa na kumfukuza bawabu kisha kulalamika kwamba hakuna wa kufungua geti.

Hasara haiishii hapo. Oveni ikijisafisha hupanda hadi karibu nyuzijoto 500 za Selsiasi ili mafuta yaliyoganda yawe majivu. Feni ya kupoza huendelea kuzunguka hata kazi ikiisha, maana bodi ya umeme iko jirani kabisa na joto hilo. Ukizima, feni husimama na joto lote huishia kwenye bodi. Ulikuwa na mlango uliokwama. Sasa unaweza kuwa na bodi iliyoungua, na hiyo ni miongoni mwa vipuri ghali zaidi.

Na jamani, bisibisi na waya wa hanga viwekeni kando! Ndoano imewekwa isiachie mpaka joto lishuke sana, kwa oveni nyingi chini ya nyuzi 300 hivi. Ukiulazimisha mlango kabla ya hapo, utakumbana na hewa inayounguza na kioo kinachoweza kupasuka.

Fanya hivi. Acha umeme uwake. Kama ulikatika mtaani, ngoja urudi. Subiri oveni ipoe kabisa, hata kwa muda wa saa mbili. Bonyeza kitufe cha kusitisha huku ukiusukuma mlango kwa goti, kwani ndoano iliyobanwa huigomea mota. Ikishindikana, sasa ndipo uzime swichi dakika tano na kuwasha tena, ili bodi ianze upya na kulitafuta komeo. Sikiliza. Mota ikizunguka bila kukoma, shuku swichi ndogo zinazoiambia bodi ndoano ilipo. Ikiwa kimya kabisa, shuku mota, waya au fiuzi ya joto. Oveni ikiwa baridi lakini bodi inadai bado ina moto, shuku kihisi joto: kwa aina nyingi kinapaswa kusoma takriban omu 1,080 jikoni pakiwa na joto la kawaida. Kukipima ni kazi ya fundi, swichi kuu ikiwa imezimwa, kwani volti 230 zinaua.

Na usiiwashe oveni ijisafishe siku moja kabla ya Idi au Krismasi. Kipuri dhaifu hufia kwenye joto hilo, na duka la vipuri litakuwa limefungwa.