Fedha za tabianchi zikichelewa, mvua haisubiri

WAKULIMA wa Ukambani wanaijua kalenda yao. Mvua ya vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo wanayoitegemea zaidi kupanda ndengu, kunde, mbaazi na mtama. Masika ya Machi hadi Mei huja, lakini mara nyingi huwa haba. Kati ya Juni na Septemba mito ya msimu hukauka na kubaki mchanga mtupu, na huo ndio wakati ambapo fundi anaweza kuingia mtoni kuchimba msingi wa bwawa la mchanga bila hofu ya kusombwa na maji.

Serikali nayo ina kalenda yake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kukamilika Juni 30. Kwenye karatasi, kalenda hizi mbili zinaoana vizuri ajabu. Fedha zikitoka Julai, ujenzi unafanyika Agosti, na mvua ya kwanza ya Oktoba inakuta ukuta tayari umekauka. Tatizo ni kwamba fedha hazitoki Julai.

Kwa mkulima wa Makueni au Kitui, hilo si jambo dogo. Bwawa la mchanga halijai siku moja. Ukuta wa zege au mawe hujengwa juu ya mwamba kukatiza mto wa msimu. Mafuriko ya kila msimu huleta mchanga unaotuama nyuma ya ukuta huo, na maji hujificha ndani ya mchanga ambako jua halifiki. Mto ukishajaa mchanga wa chembe kubwa, robo au zaidi ya ujazo huo huwa maji yanayoweza kuchotwa kwa kisima kifupi kando ya mto. Lakini mchanga wenyewe huchukua misimu kadhaa kujaa, hivyo ujenzi ukikosa vuli moja, mkulima amepoteza mwaka.

Fedha zinazozungumziwa hapa ni za hazina za mabadiliko ya tabianchi za kaunti. Zilianza kama jaribio Isiolo mwaka 2011, chini ya uratibu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA) pamoja na mashirika washirika, zikasambaa hadi Wajir, Garissa, Kitui na Makueni. Makueni ilipitisha kanuni za hazina yake mwaka 2015, ikajifunga kutenga asilimia moja ya bajeti ya maendeleo kila mwaka. Wajir ilifuata kwa sheria ya 2016 na kutenga asilimia mbili. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyozitwika kaunti jukumu la kuingiza suala hilo katika mipango yao ya maendeleo.

Kilichozipambanua hazina hizi na nyingine nyingi ni mgao. Katika muundo wa kaunti hizo tano za kwanza, kati ya kila Sh100 za hazina, Sh70 ni za miradi inayochaguliwa na kamati za wadi, Sh20 ni za miradi ya kaunti nzima inayovuka mipaka ya wadi, na Sh10 tu ndizo za gharama za usimamizi. Isitoshe, kamati ya kaunti haina ruhusa ya kuutupa mradi wa wadi uliotimiza vigezo. Inaweza kuusaidia uandikwe vizuri zaidi, lakini si kuubadilisha na mwingine unaoipendeza.

Wazee wanaokumbuka mabaraza ya miji na wilaya watasema hili si jambo jipya. Ni kweli kwa kiasi. Sheria ya 1998 iliunda Hazina ya Kuhamisha Fedha kwa Serikali za Mitaa, maarufu LATF, iliyozigawia serikali za mitaa 175 asilimia tano ya kodi ya mapato. Kuanzia 2001 mabaraza yalitakiwa kukaa na wananchi na kuorodhesha miradi kabla ya kupewa mgao. Hata hivyo, mabaraza mengi yalikuwa na madeni na mishahara ya kulipa, na wananchi walizoea kuona miradi mingi midogo midogo iliyotawanywa ili kila diwani apate chake. LATF ilizikwa pamoja na mabaraza hayo kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013.

Hatari ya kutawanya fedha haikuzikwa nayo. Chukua kaunti yenye bajeti ya Sh10 bilioni na wadi 30. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, yaani Sh3 bilioni. Kaunti ikitenga asilimia 1.5 ya hizo kwa tabianchi, inapata Sh45 milioni. Asilimia 70 ya wadi ni Sh31.5 milioni. Gawa kwa wadi 30, kila moja inabaki na Sh1.05 milioni.

Kiasi hicho hakitoshi kujenga bwawa la mchanga la maana. Kinatosha kununua matangi machache, kujenga kibanda cha maji, au kuchimba silanga ndogo itakayojaa matope baada ya misimu miwili. Kwa hesabu ya kiuchumi, wadi kumi kusubiriana kwa zamu na kujenga vitu vya kudumu ni bora kuliko wadi 30 kupata makombo kila mwaka. Kisiasa hilo ni gumu kumeza, maana diwani atakayeambiwa wadi yake ni zamu ya mwaka wa tatu ana uchaguzi wa kuwazia.

Hapo ndipo fedha za nje zilipoingia. Mnamo Oktoba 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola 150 milioni, zaidi ya Sh16 bilioni kwa kima cha ubadilishanaji cha wakati huo, kwa mpango wa kugharamia hatua za tabianchi mashinani, ujulikanao kwa kifupi kama FLLoCA. Ujerumani, Denmark na Sweden nazo zilichangia. Mpango huo ulichukua mfano wa kaunti tano za kwanza na kuupeleka nchi nzima kupitia Hazina ya Kitaifa.

Fedha hizo ziko katika mafungu mawili. La kwanza, Sh11 milioni kwa kaunti, lilikuwa la kuweka taasisi: sheria, kitengo cha tabianchi, kamati za wadi na mafunzo. La pili ndilo la miradi yenyewe, na huweza kuzidi mchango wa kaunti. Lakini lina masharti. Kaunti lazima iwe imetathmini hatari za tabianchi pamoja na wananchi, iwe na mpango wa utekelezaji, na itenge angalau asilimia 1.5 ya bajeti yake ya maendeleo. Kila mwaka utendaji hupimwa, na inayozembea hupunguziwa au hukosa.

Kwa hivyo ile Sh1.05 milioni ya wadi, ingawa ni ndogo, ndiyo ndoano ya kuvulia samaki mkubwa. Bunge la kaunti likiihamishia kwenye magari na safari wakati wa bajeti ya ziada, linaweza kuikosesha kaunti fungu la pili lote. Wakulima wachache hufuatilia bajeti ya ziada, na huko ndiko mengi hupotelea.

Mradi gani basi unakubalika? Vigezo vya hazina za kwanza viko wazi. Lazima uwe mali ya umma wala si ya mtu au familia, unufaishe wengi wakiwemo wanawake na vijana, usaidie shughuli zinazoumizwa na tabianchi, usichochee ugomvi, usiharibu mazingira, na uwe na namna ya kuendeshwa baada ya mwanakandarasi kuondoka. Kikundi kinachoomba ng'ombe wa maziwa kwa wanachama wake kitakataliwa. Kikiomba lambo ambalo vijiji vitatu vitanyweshea mifugo, kina nafasi.

Sharti la uendeshaji ndilo linalopuuzwa zaidi. Isiolo ilikuwa na bahati ya kuwa na dedha, mabaraza ya jadi ya Waborana yanayoamua ni malisho gani yatumiwe wakati wa mvua na yapi yahifadhiwe kwa kiangazi. Hazina ilipoanza, baadhi ya fedha zilitumika kuyapa nguvu mabaraza hayo, si kujenga tu. Kisima kikichimbwa kwenye malisho ya akiba bila mwenye mamlaka ya kukifunga wakati wa mvua, mifugo hukaa hapo mwaka mzima na nyasi za kiangazi huisha kabla kiangazi hakijafika. Kaunti zisizo na chombo kama dedha zinahitaji kukitafuta kingine, iwe kamati ya maji au chama cha watumiaji, kabla ya saruji kununuliwa.

Makueni nayo ililazimika kulinda mchanga wenyewe. Haina maana kujenga ukuta wa kukusanya mchanga huku malori yakiuzoa usiku kupeleka mijengoni. Sheria yake ya mchanga ya 2015 iliunda mamlaka ya kusimamia uchimbaji. Kwa upande wa mashamba, matuta ya "fanya juu", ambayo Wakamba wanayajua kuliko mhandisi yeyote, hupunguza udongo laini unaoingia mtoni. Mto ukibeba matope badala ya mchanga, bwawa hujaa uchafu usiohifadhi maji.

Turudi kwenye kalenda. Fedha za washirika wa maendeleo haziwezi kufika kaunti bila Sheria ya Ugavi wa Fedha za Ziada kwa Kaunti, ambayo hupitishwa upya kila mwaka na mabunge yote mawili. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25 mswada huo ulikwamishwa na mvutano kati ya wabunge na magavana kuhusu Sh10.5 bilioni za ushuru wa matengenezo ya barabara. Fedha za tabianchi hazikuwa na ugomvi na mtu yeyote, lakini zilikuwa ndani ya mswada huo huo.

Fedha zikitoka mwishoni mwa mwaka, mambo mawili hutokea. Ama kaunti inakimbiza zabuni ili ishinde Juni 30, na ukuta unajengwa kwa pupa, au zinasubiri bajeti ya mwaka unaofuata na vuli inapita. Hata zilizomo kwenye akaunti Benki Kuu hazitolewi bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, na idhini hiyo hudai stakabadhi ambazo kamati nyingi za wadi hazijawahi kuzijaza.

Wafanyabiashara wadogo wana fursa hapa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na mradi wa wadi huhitaji saruji, mawe, mabomba, usafiri na chakula cha vibarua. Ila kabla ya kukopa ili kuihudumia kaunti, ni vyema kukumbuka kwamba kufikia Juni 2024 kaunti zote kwa pamoja zilidaiwa zaidi ya Sh170 bilioni za malimbikizo. Muuza saruji wa Wote au Kibwezi asiye na mtaji wa kusubiri miezi sita anafaa kudai malipo ya awamu, au kumuuzia mwanakandarasi kwa fedha taslimu.

Kwa kikundi kinachotaka mradi, tarehe za kushika ni chache. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, karibu miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha wenyewe kuanza. Taarifa ya sera ya fedha hufika kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Wengi hujitokeza Mei kwenye mikutano ya bajeti, wakati orodha ya miradi ilishafungwa tangu Septemba. Kamati ya wadi inayotaka ukuta mtoni kabla ya vuli ya mwaka kesho inatakiwa kuwa na jina la mto, eneo lenye mwamba na kibali cha wenye ardhi mkononi kabla ya mwezi wa nane kuisha mwaka huu.