Majeraha ya Bandia, Mafunzo ya Kweli

Askari aweza kukariri kitabu kizima cha huduma ya kwanza, na kufunga bendeji vizuri kabisa juu ya mkono mzima wa mwenzake, kisha siku aonapo damu halisi akaduwaa. Mara nyingi kinachomshika ni ugeni wa jambo lenyewe: macho yake hayajapata kuona yale ambayo mikono yake imefundishwa kuyatenda. Nasi twajua kuwa mtu mzima ana damu ipatayo lita 5 tu, na kwamba mshipa mkubwa wa paja ukikatika, uhai waweza kutoka katika dakika chache. Hapo hapana nafasi ya kuduwaa.

Dawa ya ugeni huo yajulikana tangu zamani. Huko Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, waokoaji walizoezwa kwa watu waliopakwa majeraha ya bandia na kufundishwa kuigiza maumivu. Na mwaka 1942 kikaundwa chama kiitwacho Casualties Union kwa kazi hiyo. Watengenezaji wa sinema nao wana ujanja wao: katika filamu ya Psycho ya mwaka 1960, iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, damu ilikuwa sharubati ya chokoleti. Leo twapenda kuwaonyesha ndugu zetu wa jeshi na polisi kuwa kazi hii yawezekana nyumbani, kwa vitu vya jikoni.

Tuanze na damu. Chemsha vikombe viwili vya sukari katika kikombe kimoja cha maji mpaka iwe nzito kidogo, kisha uiache ipoe kabisa. Tia rangi nyekundu ya chakula tone baada ya tone, pamoja na kakao kidogo ili wekundu usifanane na soda. Damu ya ateri ni nyekundu yenye kung'aa, nayo huruka kwa kufuata mapigo ya moyo. Damu ya vena imeiva zaidi na hutiririka taratibu. Basi tengeneza namna mbili, ya pili ikiwa na kakao nyingi, ili anayejifunza ajue kuzipambanua. Mvae nguo kuukuu, maana rangi hii haitoki kwa urahisi.

Kwa jeraha la kukatwa, kanda unga wa ngano kwa vaselini mpaka upate donge laini, utie kakao mpaka likaribie rangi ya ngozi ya mhusika. Libandike juu ya ngozi safi na kavu, usawazishe kingo mpaka zisionekane, kisha upasue katikati kwa mpini wa kijiko, wala si kwa wembe. Ndani paka rangi iliyoiva, na damu uidondoshe mwisho. Kwa jeraha la moto, paka vaselini yenye rangi nyekundu, funika kwa karatasi laini ya chooni, paka vaselini tena, kisha uichane vipande na kunyunyiza makaa yaliyosagwa pembeni.

Yafaa tuangalie jambo moja. Maelekezo mengi ya kazi hii yaliandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Ukimpaka mwenzako poda nyeupe usoni, utapata kizuka, hutapata majeruhi. Kwa watu weusi, dalili ya kupungukiwa damu huonekana zaidi midomoni, viganjani na ndani ya kope. Kwa hiyo ipake midomo vaselini yenye unga na chembe za makaa, igeuke kijivu. Kisha mdondoshee kwenye paji la uso gliserini iliyochanganywa na maji, iwe jasho la baridi.

Rangi peke yake haitoshi. Majeruhi lazima aigize. Mmoja apige kelele, mwingine alale kimya kando. Wanafunzi wengi humkimbilia mwenye kelele, ilhali apigaye kelele angali anapumua. Aliye kimya ndiye wa kuangaliwa kwanza. Somo hilo moja latosha kulipa gharama ya sukari na unga.

Lakini mchezo huu una hatari zake. Usitumie damu ya mnyama, kwani hubeba vijidudu, wala gundi au rangi ya mbao juu ya ngozi. Kila mchanganyiko ujaribiwe kwanza mahali padogo ndani ya mkono, na usikaribie macho. Silaha zote zikaguliwe na kuwekwa mbali kabla ya zoezi. Majirani, walinzi wa lango na zahanati waarifiwe mapema, na liwepo neno moja lililokubaliwa, ambalo likitamkwa kila mtu ajue kuwa sasa mtu ameumia kweli. Zoezi likiisha, kila mmoja anawe kabla ya kutoka. Mtu atapakaaye damu barabarani aweza kuzua fujo isiyo na sababu.

Ndugu askari, kukosea mbele ya damu ya sukari hakumdhuru mtu. Kosea hapo, urudie, ukosolewe na wenzako, urudie tena, hata mikono ifanye kazi bila kungoja macho yazoee. Mwananchi aliyelala kando ya gari lililopinduka hatakupa nafasi ya pili.