Wanne Juu ya Dari

Mavuno yakifika Kakese, kata ya wakulima wa mpunga katika Manispaa ya Mpanda, hapana mtoto asiyeijua kazi ya turubai: mpunga umeanikwa uani, wingu la mvua za mwisho limejikusanya bila ya taarifa, mama amepiga ukelele, na watoto wanne, aghalabu hata si wa aila moja, wamekimbilia pembe nne wakaliinua pamoja, wakienda kwa hatua ndogo ndogo, macho hayabanduki katikati, kwani yeyote atakayelegea, hasara haitakuwa ya pembe yake peke yake bali ya shehena nzima. Nimeanza na turubai kwa kuwa walimu wa shule ya Jumapili na walezi wa Utoto Mtakatifu huhangaika kutafuta vielelezo vya urafiki katika vitabu vya picha vilivyotoka ng'ambo, hali kielelezo kilicho bora kimekunjwa ghalani mwao.

Kisa ninachokikusudia ni cha yule mtu mwenye kupooza. Kimo katika Injili tatu, lakini hazikukisimulia kwa ukarimu mmoja: Mathayo hakulitaja dari hata kidogo, Luka alitaja vigae, na Marko, katika mlango wa pili, ndiye peke yake aliyewahesabu wachukuzi akasema ni wanne, na ndiye aliyetumia neno la Kiyunani lenye maana ya kuchimbua. Yesu yumo nyumbani Kapernaumu, mji wa wavuvi kando ya ziwa la Galilaya. Halaiki imejaa hata mlangoni hapapitiki. Wanne wanafika na mgonjwa juu ya malazi yake ya kimaskini, wanaona njia imezibwa, wala hawarudi, bali wanapanda darini, wanachimbua, na kumteremsha mwenzao mbele ya Yesu, ambaye, kwa kuiona imani yao, anamsamehe mgonjwa dhambi zake, kisha anamwamuru ainuke, ajitwike malazi yake, aende kwake.

Walimu wengi hukimbilia hapo mwishoni, kwenye kuinuka, watoto wapige makofi na somo limalizike. Mimi naona muujiza hauhitaji msaada wa mwalimu, maana wajieleza wenyewe. Kinachohitaji mwalimu ni dari. Mtoto wa Kakese, ambaye kwao pameezekwa bati au nyasi, atauliza, na haki ni yake, mgonjwa atawekwaje juu ya paa lenye mteremko asiporomoke. Basi aelezwe kwamba magofu ya Kapernaumu yaonyesha nyumba ndogo za mawe meusi zilizokandikwa udongo, na kwamba mapaa ya zama zile yalikuwa bapa, ya miti iliyolazwa, matete juu yake, na udongo ulioshindiliwa, na ngazi ya kupandia ikiwa nje. Kwa neno moja, ni tembe. Mwenye jamaa Ugogoni amekwisha kuliona, na msafiri wa treni ya Mpanda akifika Tabora hana haja ya kuuliza sana, kwa kuwa lile tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, lingali likitunzwa kuwa makumbusho. Akiisha kulifahamu paa la namna hiyo, mtoto mwenyewe ataanza kuona mavumbi na madongoa yakiwaangukia waheshimiwa waliokaa chini, na atacheka, mwache acheke.

Insafu yatulazimu kukiri kwamba Marko hakuwaita wale wanne marafiki. Hakuwapa jina, wala hakuwawekea neno moja la kusema, hata hatujui kama walikuwa ndugu, majirani au vibarua; usuhuba wao twaujua kwa mabega yao tu. Hili ndilo ninalotaka mtoto alishike, kwani tumezoea kumfundisha urafiki kuwa ni kucheza pamoja na kugawana maandazi, mambo mazuri, lakini yasiyo na uzito mkononi. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wakitukejeli sisi tunaoyaona mazito ya wengine kuwa mepesi, na sijui njia ya kumtoa mtoto katika kejeli hiyo isipokuwa kumpa pembe aishike. Mwalimu na atandike turubai chini ya mwembe, aweke katikati gunia la pumba, achague wanne wasiolingana kimo, awaambie walifikishe mlangoni bila ya kuliburura. Mrefu atainua, gunia litamwelemea mfupi. Mwepesi atatangulia, wa nyuma watajikwaa. Mpaka mmoja wao, pasipo kuambiwa na mtu, aseme, "Jamani, twendeni pamoja," na mrefu akunje magoti kidogo. Hapo somo limeingia, na mahubiri yoyote yatakayofuata yaweza kuwa mafupi.

Habari ya kumchukua mgonjwa si ngeni katika nchi hii ya Katavi. Karema, ufukweni mwa Tanganyika, alifika mwaka 1889 tabibu Adrian Atiman, mtu wa pande za mto Niger, aliyetekwa utotoni akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa utabibu Malta. Akakaa Karema akitibu na kufundisha dini hata alipofariki mwaka 1956. Watoto hupenda kusikia safari zake, nami siwalaumu, lakini yafaa waulizwe pia: katika nchi pana kama hii, isiyokuwa na gari, asiyeweza kutembea alimfikiaje tabibu huyo kama hakuwa na watu wa kumwinua?

Hapa mwalimu na ajihadhari. Kwa kuwa maneno ya msamaha yalitangulia uponyaji, mtoto aweza kutoka darasani akiamini kwamba kila mlemavu ana dhambi iliyofichika, au kwamba asiyepona hana imani. Na huenda mwenye kutambaa au mwenye magongo ameketi papo hapo mkekani, anasikia. Afunguliwe Yohana, mlango wa tisa, ambamo Yesu alikana kwamba upofu wa yule mtu ulitokana na dhambi yake au ya wazazi wake. Tena aambiwe kwa lugha nyepesi kwamba kupooza kwingine huletwa na kirusi: mwaka 2023 polio ilithibitika kwa mtoto mmoja katika mkoa jirani wa Rukwa, na mwezi wa Septemba mwaka huohuo watoto wa Katavi walikuwa miongoni mwa waliopewa matone ya chanjo mdomoni. Wala mwenye ulemavu asifanywe kila mara kuwa ndiye wa kulala katikati ya turubai. Mwenye mikono miwili yenye nguvu na aketi kizingitini, alipokee gunia, awe wa tano.

Likibaki swali moja la kuwaachia, ni lile ambalo Injili zote tatu zimelinyamazia: nani aliliziba tundu? Watoto wa wajenzi wa nyumba za udongo hawalipuuzi jambo hili. Mmoja atasema wale wanne, kwa kuwa ndio waliovunja. Mwingine atasema mwenye nyumba, kwa kuwa kwake pamepata baraka. Na yupo atakayesema ni yule aliyepona, maana sasa anayo miguu ya kukanyagia udongo.