Umeme wa Usiku Umekosa Jabia

Wazee wa mwambao huu hawakungoja mfereji. Mvua ya masika ilipoteremka mapaani waliiongoza hadi katika jabia, na maji hayo yakanywewa kiangazi. Sisi wajukuu wao, hapa Mkomani na kwingineko nchini, tumejenga mitambo ya kukinga mvua ya umeme, lakini jabia hatujachimba.

Karibu na Ziwa Turkana, kule Loiyangalani, imesimama mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Ilianza kulisha gridi ya taifa mwaka 2018. Upepo wa huko una tabia yake: huvuma kwa nguvu zaidi usiku wa manane na alfajiri, wakati viwanda vingi vimefungwa na watu wamelala. Hapo mitambo huamriwa kupunguza uzalishaji, na mvuke wa Olkaria nao huachiliwa upae hewani bila kuzungusha chochote. Isitoshe, mkataba wa upepo una kifungu cha kulipia umeme ambao ungepatikana lakini haukuchukuliwa. Twalipia, msomaji, maji yaliyomwagika.

Jioni mambo hugeuka. Baina ya saa moja na saa tatu usiku kila nyumba huwasha taa, televisheni na pasi. Ndiyo saa ambayo mwanafunzi hudurusu. Ndipo mitambo ya mafuta ya Kipevu, kule Changamwe, huunguruma. Mafuta hayo huletwa kwa meli kutoka ng'ambo, na bei yake humfikia mzazi katika bili.

Si kwamba hatujui kuhifadhi. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ni jabia hasa: maji hufungiwa humo, na yafunguliwapo hupita pia Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yakizalisha umeme kila kituo. Ila Masinga hujazwa na mvua. Upepo wa Turkana hauwezi kulijaza. Huko Wales, kituo cha Dinorwig kilichofunguliwa mwaka 1984 hutumia umeme wa ziada wa usiku kupandisha maji mlimani, kisha huyateremsha watu wanapouhitaji. Australia nayo ilifunga betri ya megawati 100 huko Hornsdale mwaka 2017, kando ya mitambo ya upepo.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 takriban nchi nzima iligubikwa na giza, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Wenye gridi na wenye upepo wakatupiana lawama. Sidai kwamba betri ingalizuia yote, lakini betri huitikia kabla mtu hajapepesa jicho, ilhali mtambo wa mafuta uliozimwa huhitaji dakika kadhaa.

Watapinga wengine kwamba betri ni ghali, tena hudumu saa chache tu, na ukame ni wa miezi. Hoja ya ukame naikubali. Hiyo ni kazi ya Masinga. Lakini kutoka usiku wa manane hadi magharibi ni saa, si miezi, na pengo hilo betri yaliweza. Ningependa ya kwanza ifungwe Rabai, mahali nyaya za kutoka bara zinapoingilia pwani, ijazwe kwa upepo na mvuke wa usiku, nayo Kipevu ipumzishwe jioni.