Kitenzi "kuwa" na mizizi yake miwili: kutoka Wales hadi Lithuania

Mseminari anayeanza Kilatini hukutana na fumbo mapema. Kitenzi sum, yaani "mimi ni", kikiingia wakati uliopita kinageuka fui, "nilikuwa". Mbona havifanani hata kidogo? Jibu ni kwamba ni vitenzi viwili vya kale vilivyounganishwa kuwa kimoja. Ili tulione hilo vizuri, tutoke Roma twende Wales, na kisha Lithuania na Latvia kando ya Bahari ya Baltiki. Lugha za huko ni za ukoo mmoja na Kilatini na Kigiriki.

Wataalamu wa lugha wanataja mizizi miwili: es-, "kuwa", na bhu-, "kuota, kukua, kutokea".

Mzizi wa kwanza unaonekana wakati uliopo. Mlithuania husema esu (mimi ni), esi (wewe ni), esame (sisi ni), esate (ninyi ni). Mlatvia husema esmu, esi, esam, esat. Nafsi ya tatu imekwenda njia yake: yra kwa Kilithuania, ir kwa Kilatvia, umbo moja kwa "yeye" na "wao". Lakini Kilithuania cha zamani kilikuwa na esti, ndugu wa est ya Kilatini na ys ya Kiwelisi cha kale.

Mzizi wa pili unatoa jina la kitenzi: bod kwa Kiwelisi, būti kwa Kilithuania, būt kwa Kilatvia. Unatoa pia wakati uliopita. "Nilikuwa, ulikuwa, alikuwa" kwa Kilithuania ni buvau, buvai, buvo. Kwa Kiwelisi ni bûm, buost, bu. Kwa Kilatini fui, fuisti, fuit. Sauti bh ya kale imekuwa b kwao, f kwa Warumi, na ph kwa Wagiriki.

Kiwelisi kina jambo ambalo sisi Waswahili tutalielewa haraka. "Daudi yupo hapa" ni Mae Dafydd yma. "Daudi ni mwalimu" ni Athro yw Dafydd. "Je, kuna mkate?" ni Oes bara? Na "Daudi ndiye aliyepo hapa" ni Dafydd sydd yma. Nasi pia tunatenga ni, yupo, kuna na aliyepo.

Haya yanatuhusu vipi? Kwa Kigiriki, mzizi es- umezaa ousia, neno lililomo ndani ya fundisho la Mtaguso wa Nisea (325) kwamba Mwana ni wa umungu mmoja na Baba. Mzizi bhu- umezaa physis, "asili", neno la Mtaguso wa Kalsedonia (451) kuhusu asili mbili za Kristo. Umezaa pia phyton, "mmea".

Basi tuwe waangalifu mimbarini. Mwelisi anaposema bu hafikirii mche unaoota, na Mababa waliposema physis hawakumaanisha kwamba umungu wa Kristo uliota au kukua. Mzizi hutueleza neno limetoka wapi. Maana yake tunaipata kwa wale wanaolitumia. Tukihubiri kwa mzizi peke yake, twaweza kuwafundisha waamini jambo ambalo Kanisa halikusema kamwe.