Ridhaa, Siri na Ukweli katika Uchunguzi wa Maradhi ya Akili

Uchunguzi wa maradhi ya akili una shida isiyokuwamo katika uchunguzi wa malaria au wa kichocho. Mwenye malaria aweza kusikiliza anayoelezwa, akayapima, kisha akakubali au akakataa. Mgonjwa wa akili huombwa apime jambo kwa akili ile ile ambayo pengine imeugua. Tena jina la maradhi yake peke yake laweza kumdhuru: kumvunjia ndoa, kumkosesha kazi, au kuwatia aibu jamaa zake. Kwa hiyo kanuni za adabu ya uchunguzi, ambazo ni za watu wote, zahitaji uangalifu zaidi kwa mgonjwa wa namna hii. Zaweza kuelezwa chini ya mambo matatu: ridhaa, siri, na ukweli wa yanayochapishwa.

CHANZO CHA KANUNI

Kanuni hizi zilizaliwa na maovu. Mwaka 1947, mahakama ya Nuremberg iliyowahukumu madaktari wa Kijerumani waliowafanyia wafungwa majaribio ya kikatili ilitaja masharti kumi. La kwanza lilikuwa kwamba mtu akubali kwa hiari yake, naye awe na uwezo wa kisheria wa kukubali. Sharti hilo lilikuwa ngao, lakini kama lingefuatwa neno kwa neno, uchunguzi juu ya watu waliopungukiwa na uwezo huo usingewezekana, na maradhi yao yangebaki bila tiba. Juni 1964 Chama cha Madaktari cha Dunia kilitoa Azimio la Helsinki, ambalo liliruhusu msimamizi wa kisheria kukubali kwa niaba ya asiyeweza. Liliporekebishwa mjini Tokyo mwaka 1975 yaliongezwa mambo mawili makubwa: kwamba mpango wa uchunguzi upelekwe kwanza mbele ya kamati iliyo huru, na kwamba habari za uchunguzi uliokwenda kinyume cha kanuni zisikubaliwe kuchapwa. Tangu hapo mhariri naye amekuwa bawabu. Marekebisho ya mwaka 2024 yalibadili hata jina la mgonjwa mwenyewe: aliyekuwa akitajwa kama mtu wa kufanyiwa uchunguzi sasa huitwa mshiriki.

RIDHAA

Kiswahili kina maneno mawili ambayo mchunguzi hana budi kuyatenga. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka: mganga mkuu, mkuu wa wilaya, au kamati. Ridhaa hutoka moyoni mwa mtu mwenyewe. Mchunguzi aweza kuwa na idhini tatu mkononi, zenye mihuri, na bado asiwe na ridhaa hata moja. Wala kimya si ridhaa. Katika desturi ya posa kimya cha mwanamwali kiliweza kuhesabiwa kuwa amekubali. Lakini kimya cha mgonjwa wa akili chaweza kuwa ndiyo dalili ya ugonjwa wake.

Hatari ya kulisahau jambo hili ilionekana Montreal, nchini Kanada. Kati ya 1957 na 1964, Dr. Ewen Cameron wa taasisi ya Allan Memorial aliwatendea wagonjwa waliokwenda kwake kutafuta tiba mambo waliyokuwa hawayajui: alizidisha mishtuko ya umeme, aliwalaza usingizi wa siku nyingi, na kuwasikilizisha sauti ile ile iliyorudiwa mara elfu na elfu. Sehemu ya fedha ilitoka kwa siri katika shirika la ujasusi la Marekani. Wagonjwa hao walidhani wanatibiwa, na wengine walipoteza kumbukumbu za maisha yao. Mwaka 1992 serikali ya Kanada ilikubali kuwalipa baadhi yao. Funzo lake ni kwamba mgonjwa aambiwe wazi lipi ni tiba na lipi ni jaribio. Na kama huenda akapewa kidonge kisicho na dawa ndani yake ili kulinganisha, alijue hilo kabla ya kumeza.

Namna ya kuomba ridhaa nayo ina adabu yake. Haitoshi kumwuliza mtu, "Umefahamu?", kwani kwa heshima atajibu, "Ndiyo, daktari." Yafaa aombwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe ataulizwa nini, atapewa nini, kuna hatari gani, na kwamba aweza kujitoa wakati wowote bila ya kunyimwa matibabu. Uwezo wa kuamua huja na kuondoka: aliyechanganyikiwa leo aweza kuwa timamu baada ya wiki mbili, na uchunguzi usio wa haraka humngoja. Ndugu akikubali kwa niaba yake, naye mgonjwa akakataa hata kwa kuvuta mkono tu, kukataa kwake kuheshimiwe.

SIRI

Elimu ya maradhi ya akili imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya visa vya watu mmoja mmoja, na hapo ndipo uchapishaji huingia hatarini. Sigmund Freud wa Vienna alimtibu msichana mmoja mwaka 1900, akachapisha kisa chake mwaka 1905 kwa jina la kubuni, Dora. Katika utangulizi alikiri kwamba msichana huyo angeumia kama maandishi yangemfikia. Hata hivyo hakumwomba ruhusa. Baadaye jina la kweli la mwanamke huyo lilijulikana.

Katika mji mdogo kubadili jina hakutoshi kabisa. Mwandishi akisema "mwalimu wa kike wa Lamu, mjane, mama wa pacha," amekwisha kumtaja. Siri ya mtungi aijuaye kata, na majirani ndio kata. Basi yasiyohitajiwa na hoja yaondolewe, na mgonjwa asomewe makala kabla ya kuchapwa. Ridhaa ya kuulizwa maswali si ridhaa ya kuandikwa.

Siri nayo ina mpaka, na mpaka huo utajwe mwanzoni. Mchunguzi anayeuliza kama mtu amefikiria kujiua lazima ajue atafanya nini akijibiwa ndiyo: nani ataitwa, na msaada utapatikana wapi. Nchini Kenya sheria ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kilikwenda kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo, jibu la kweli katika karatasi ya uchunguzi liliweza kumtia mtu mikononi mwa polisi.

UKWELI

Uwongo katika sayansi hii huwadhuru hata wasiokuwa wagonjwa. Dr. J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 pasipo kusomea kwanza maradhi ya akili, alitoa kitabu mwaka 1953 kupitia Shirika la Afya Duniani. Aliandika kwamba Mwafrika hufanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba huzuni kuu ni adimu kwa Waafrika. Hoja yake ya pili ilitegemea hesabu za waliolazwa. Lakini hospitalini waliletwa hasa wale waliosumbua watu, si wale waliokaa nyumbani wakilia. Mwaka 1954 aliandika kwa ajili ya serikali ya kikoloni juu ya Mau Mau, akiyaeleza mapambano ya ardhi kana kwamba ni maradhi. Orley na Wing, walipochunguza vijiji viwili vya Uganda na kutoa matokeo mwaka 1979, waliona huzuni hiyo kuwa nyingi kuliko katika mtaa wa London waliolinganisha nao.

Uwongo mwingine ni wa kuficha. Mwaka 2001 yalichapwa matokeo ya jaribio la dawa ya paroxetine kwa vijana 275 au karibu yao wenye huzuni kuu, yakidai kwamba yafaa na haina madhara makubwa. Takwimu zile zile zilipochunguzwa upya na wataalamu wengine mwaka 2015, ilionekana haikushinda kidonge kitupu, na iliongeza fikira na vitendo vya kujidhuru. Ndiyo sababu wahariri wa majarida makubwa ya tiba, tangu 2005, hudai kila jaribio liandikishwe kabla ya kuanza, ili matokeo mabaya yasipotee.

Kwa mwandishi wa Kiswahili yapo pia masharti ya lugha. Neno wazimu lina mzizi mmoja na mzimu, na limebeba hofu ya zamani. "Mgonjwa wa akili" humwacha mtu akiwa mtu. Tena waliojibu maswali wana haki ya kusikia majibu yalionyesha nini, katika lugha waliyoulizwa. Uchunguzi mwingi umeulizwa kwa Kiswahili na kuchapwa kwa Kiingereza tu, hata aliyetoa kisa chake hawezi kujua kama kimesemwa sawasawa.