Mwenye Kisukari Anapoishiwa Sukari

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Mtu aliyeambiwa hospitalini kwamba ana sukari nyingi mwilini anaanguka siku moja kwa sababu sukari imepungua mno. Watu wa nyumbani, wakikumbuka makatazo ya daktari, wanaficha bakuli la sukari. "Ana kisukari huyu, msimpe kitu kitamu!" Wanasema hivyo kwa upendo, na kwa neno hilo wanaweza kumpoteza mgonjwa ambaye vijiko vitatu vya sukari vingemwamsha.

Sisi wauguzi tunaohudumia watu wa Rubafu na vijiji vilivyo kando ya ziwa tunaliona jambo hili mara nyingi kuliko zamani, kwa kuwa wenye kisukari wameongezeka. Uchunguzi uliofanyika katika vijiji vya Tanzania miaka ya 1980 ulikuta wenye ugonjwa huu hawafiki mmoja katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta kama 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Wengi wao wanatumia dawa za kushusha sukari, na dawa hizo ndizo zenye hatari tunayoisema.

Ubongo unaishi kwa sukari iliyomo katika damu, nao hauna ghala la kujiwekea akiba ya kutosha. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, kongosho hutoa insulini kidogo kidogo kufuatana na chakula, na chakula kikikosekana huipunguza. Insulini ya sindano haina akili hiyo. Ikishaingia mwilini itashusha sukari, uwe umekula au hujala, uwe umekaa kibarazani au unalima. Tangu insulini ianze kutumika kwa binadamu huko Toronto, Kanada, mwaka 1922, madaktari waliliona jambo hili mapema. Vidonge vya glibenklamaidi hufanya vivyo hivyo, maana huilazimisha kongosho kutoa insulini, na nguvu yake hudumu muda mrefu. Kwa wazee ambao figo zao zimechoka, dawa hiyo hukaa mwilini zaidi. Metformini ikitumika peke yake ni nadra kuleta shida hii. Kwa hiyo, ndugu msomaji, yafaa ujue jina la kidonge unachomeza. Kusema "kile cheupe" hakutoshi.

Kipimo kikionyesha chini ya 4 (kwa mashine zinazoonyesha kwa mia, chini ya 70), sukari imeshuka. Lakini wengi wetu hatuna mashine nyumbani, basi tuzijue dalili. Mwanzoni mgonjwa hutetemeka, hutokwa na jasho la baridi, moyo humwenda mbio, midomo hufa ganzi na njaa humshika ghafla. Huo ndio wakati mzuri wa kumsaidia. Akichelewa, ubongo wenyewe huanza kukosa chakula: macho huona ukungu, ulimi huwa mzito, anapepesuka, anajibu yasiyoulizwa, anakasirika bila sababu au anacheka peke yake. Mwisho huanguka, pengine na degedege, na akiachwa hivyo ubongo huharibika au hufa.

Hapa ndipo penye tatizo letu la Kagera. Mtu anayepepesuka na kusema ovyo katika nchi ya rubisi, watu watasema nini? Watasema amelewa, wamwache alale. Wengine watasema kifafa, wengine mashetani, na safari ya kwenda kwa mganga itaanza. Tena inawezekana kweli amekunywa, maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Pombe hulizuia ini kutoa sukari ya akiba, na hatari yake haiishi kilabu kinapofungwa. Huweza kumkuta mtu usiku wa manane au asubuhi ya pili, hasa aliyekunywa rubisi au gongo bila kula. Kwa sababu hiyo mwenye kisukari anayenuka pombe ndiye wa kuharakishiwa msaada kuliko wote. Hatumwambii mtu yeyote kwamba glasi moja ni dhambi. Tunamwambia asinywe na tumbo tupu, na asilale bila kula.

Basi ufanye nini? Kama mgonjwa ana fahamu na anaweza kumeza, mpe sukari iingiayo haraka: vijiko vitatu au vinne vya chai katika nusu kikombe cha maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, au kijiko kimoja cha chakula cha asali. Mramba mtamu, usiochacha, nao unafaa. Soda zile zilizoandikwa kuwa hazina sukari hazisaidii kitu hapa. Kahawa ya kutafuna, hata ikitolewa kwa heshima zote, haipandishi sukari. Wala usianze kwa kumpikia ebitoke. Hadi moto uwake na ndizi ziive muda umekwisha, na chakula cha namna hiyo huchelewa kufika katika damu. Ngoja dakika 15. Kama bado anatetemeka au kipimo kingali chini ya 4, mpe tena kiasi kile kile. Akishatulia ndipo ale ndizi, kiazi, uji au mkate, la sivyo sukari inaweza kushuka tena.

Mara nyingine mgonjwa mwenyewe hukataa. Anasukuma kikombe, anatukana. Usibishane naye wala usimkemee mbele za watu. Si yeye anayesema. Mwite kwa upole, "Tata, kunywa kidogo hii," na umshikie kikombe.

Asiye na fahamu usimmiminie kitu kinywani, maana kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mfungulie nguo shingoni, umpake asali kidogo au sukari iliyoloweshwa ndani ya shavu, na wengine watafute usafiri wa hospitali wakati huo huo. Usimchome insulini. Watu huuliza, "Je, kama kumbe sukari ilikuwa imepanda?" Kama huna mashine na una shaka, mpe sukari. Kiasi hicho kidogo hakitamdhuru sana aliye na sukari nyingi, bali aliyeishiwa hawezi kungoja.

Msaada ulio bora ni kuzuia. Mwenye kuchoma insulini ya kawaida au ile ya mchanganyiko hungoja kama nusu saa kisha hula; asichome halafu ndipo aulize kama kuna chakula. Siku ya kulima shamba, kubeba mikungu au kuvuta nyavu, mwili hutumia sukari zaidi, na huendelea kuitumia hata usiku. Ale kitu kabla na katikati ya kazi, na kabla ya kulala. Wavuvi wa dagaa wanaoshinda majini usiku kucha wasiondoke mwaloni bila kitu kitamu, na mwenzao mmoja katika mtumbwi ajue habari zao. Misiba nayo ina shida yake, kwani maziko huchelewa na mtu huona haya kula mbele ya wafiwa. Ajitenge kidogo ale. Mke au mume aangalie shuka iliyolowa jasho, ndoto za kutisha, na kuamka na kichwa kizito. Huenda sukari inashuka usiku.

Kanisani pia tumewaona watu wakianguka, kwa sababu walichoma sindano alfajiri na wakaja Misa ya kwanza bila kula. Wagonjwa hawafungwi na saumu ya Jumatano ya Majivu wala ya Ijumaa Kuu. Hata ile saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo haiwabani wagonjwa, wazee, wala wanaowahudumia. Ukitetemeka katikati ya mahubiri, kunywa maji yako ya sukari hapo hapo kwenye benchi, kisha ukakomunike.

Malaria tusiisahau. Mwenye kisukari akiwa na homa na kutapika, asimeze glibenklamaidi akiwa hali kitu, na anayetumia insulini asiiache kabisa kwa akili yake mwenyewe; aje hospitali siku hiyo hiyo. Malaria kali huweza kushusha sukari hata kwa asiye na kisukari, hasa mtoto mdogo na mama mjamzito, na kwinini huongeza hatari hiyo. Mtoto wa namna hiyo akizimia njiani, sukari kijiko kimoja cha chai iliyoloweshwa, ikiwekwa kidogo kidogo chini ya ulimi, humsaidia mpaka afike.

Kila mwenye kisukari awe na kichupa cha sukari mfukoni, pamoja na kipande cha karatasi chenye maneno haya: "Nina kisukari. Mkiniona kama mlevi, nipeni sukari. Nikizimia, nipelekeni hospitali." Dereva wa bodaboda apime, au ale, kabla hajawasha pikipiki.

Mkimleta mgonjwa kwetu, leteni dawa zake zote, na mtuambie alikula saa ngapi na alichoma au kumeza nini. Kama ni glibenklamaidi, msikasirike tukimlaza ingawa ameshaamka na anaomba kwenda nyumbani. Dripu ya glukosi humwamsha upesi, lakini kidonge bado kimo mwilini, na sukari huweza kushuka tena usiku ule ule au hata kesho yake. Leteni pia na bomba lake la sindano. Tunapenda kumwona akivuta dawa kwa mkono wake mwenyewe, maana aliyeanza kupungukiwa na nguvu ya macho huweza kuvuta 30 akidhani ni 20.